Kisahani Kisicho na Doa

Jumapili moja ya Novemba, mwaka juzi, tulimsimamisha mzee mmoja wa usharika wetu hapa Songea mbele ya washarika ili atoe ushuhuda. Alikuwa ameanguka na bodaboda kwenye mteremko wa kwenda Lizaboni, mguu wa kulia ukachanika chini ya goti, na jeraha likakataa kupona kwa miezi mitano. Tuliomba. Jumuiya ziliomba, akina mama walifunga siku tatu, nasi tuliopewa dhamana ya kuchunga usharika huu tulimwekea mikono nyumbani kwake zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa Oktoba jeraha lilifunga. Ngozi mpya ilikuwa nyembamba kama karatasi ya Biblia, lakini ilikuwa ngozi. Mzee mwenyewe alituomba tusubiri. "Baba Mchungaji, tuuache mwaka uishe kwanza," alisema. Tukamjibu kwamba asimcheleweshee Mungu utukufu wake.

Alishuhudia vizuri, kwa maneno machache, kama alivyo. Kwaya ilianza wimbo kabla hajafika kwenye benchi lake, na sadaka ya shukrani siku hiyo ilizidi ya Jumapili tatu zilizotangulia. Sadaka tunaitaja kwa sababu tuliihesabu, na tulifurahi.

Kabla ya Krismasi jeraha lilifumuka. Sisi hatukujua. Tulichoona ni nafasi yake, benchi la pili karibu na dirisha, kuwa tupu, tukadhani amekwenda kula sikukuu kwa binti yake. Januari yote ikapita hivyo. Mwishowe mke wake alimwambia mmoja wa wazee wa kanisa, sokoni, kwamba mume wake hajasafiri popote. Haji kanisani kwa sababu alikwisha kushuhudia. Hataki watu wauone mguu wakasema Mungu alidanganya.

Maneno hayo yalitufikia Jumanne jioni na hatukuwa na jibu. Tunayatanguliza hapa, kabla ya habari ya udongo, kwa sababu bila hayo habari ya udongo ingekuwa ya kufurahisha tu.

Tulikwenda kwake kesho yake. Alitupokea kwa heshima zote, akamwita mkewe alete chai, na mguu akaufunika kwa kitenge. Tulikaa nusu saa tukizungumzia mahindi na bei ya mbolea. Ndipo alipotoa bahasha. Hospitali walikuwa wamechukua usaha wakauotesha maabara, na karatasi ya majibu ilikuwa na majina ya dawa tisa. Mbele ya saba kulikuwa na alama ya usugu: bakteria wa jeraha lile hawazijali tena. Mbili zilizobaki ni sindano za bei ambayo mzee aliitaja mara moja na hakuirudia.

Tulimuuliza alitumia dawa gani tangu mwanzo. Akasimulia: vidonge sita vya duka la dawa, kisha vinne vya jirani, kisha vya rangi mbili alivyoletewa na kijana wake, akaacha maumivu yalipotulia. "Na vile ulivyonipa wewe, Baba Mchungaji." Tulikuwa tumesahau. Kwetu kuna droo ambamo mwenzetu wa nyumbani huweka masalio ya dawa za watoto, na mwenye shida akija hatumwachi aondoke mikono mitupu. Tulikuwa tukiiita huruma. Watafiti waliopiga hesabu ya dunia nzima walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi. Droo kama yetu zipo nyingi.

Mwishoni mwa Februari alirudi likizo binti wa usharika wetu, tuliyembariki katika Kipaimara sisi wenyewe, sasa mwanafunzi wa sayansi ya viumbe wadogo katika chuo kikuu kimojawapo nchini. Baada ya ibada ya kwanza alitufuata ofisini.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na nini?"

"Nimerudi na vichupa. Naomba ruhusa nichimbe udongo pale nyuma ya kanisa, kwenye jaa."

Walikuwepo wazee wawili wa kanisa wakihesabu sadaka. Mmoja, fundi seremala, aliacha kuhesabu. Binti akaeleza. Mwalimu wao aliwapa zoezi ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vingi vya Marekani wamekuwa wakilifanya tangu mwaka 2008, lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh pamoja na taasisi ya Howard Hughes. Kila mwanafunzi huleta udongo wa kwao na kutafuta ndani yake virusi vinavyokula bakteria. Kwa kitaalamu huitwa bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Jina hilo, lenye maana ya mla bakteria, lilitolewa mwaka 1917 na Félix d'Herelle, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Paris, katikati ya vita kuu, alipokuwa akichunguza vinyesi vya askari wagonjwa wa kuhara damu. Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameona jambo kama hilo mwaka 1915.

"Virusi?" fundi alisema. "Korona imetutesa vya kutosha, halafu wewe unatuletea virusi kanisani?"

"Havijaletwa na mimi, babu. Vipo tayari. Umevikanyaga ukiingia."

Tulicheka, naye fundi akacheka baadaye kidogo. Lakini binti hakuwa anatania. Wataalamu hukadiria kwamba idadi ya faji duniani ni moja ikifuatwa na sifuri 31, wingi unaozidi viumbe vingine vyote tunavyovijua vikijumlishwa. Ni vidogo kiasi kwamba ukivipanga elfu tano kwa mstari vinaweza kufika milimita moja. Na kwa mtu havina habari. Binti alieleza kwa mfano wa mlango: kila faji ina ufunguo wa mlango mmoja au michache, nayo ni milango ya bakteria fulani tu. Ikipata mlango wake hutua, huingiza vinasaba vyake ndani, na bakteria yule hujikuta anatengeneza nakala za adui yake mpaka anapasuka. Nakala zikitoka, hutafuta jirani.

Tulimruhusu. Tukaenda naye, kwa kuwa Jumapili mchana mchungaji naye ni binadamu na hupenda kuona kitu kipya.

Jaa la kanisa letu ni pale yanapotupwa maua ya madhabahu yaliyonyauka, maganda ya ndizi za semina, na majivu ya jiko la akina mama. Binti alichimba kwa kijiko hadi kina cha kidole, akatia udongo kichupani, kisha akafanya jambo lililotuchukulia muda zaidi ya kuchimba: aliandika. Tarehe, saa, kina, joto la hewa, unyevu wa udongo, mahali penyewe kwa namba za ramani alizosoma kwenye simu, na aina ya takataka. Hakuondoka mpaka mstari umejaa. Siku mbili zilizofuata alizunguka hivyohivyo: banda la nguruwe la mwinjilisti wetu, shamba la mahindi Bombambili, kingo za kijito Mfaranyaki, na chini ya milima ya Matogoro ambako Mto Ruvuma unaanzia. Jumla vichupa kumi.

Mama mmoja wa jumuiya alipoona udongo umebaki kwenye ndoo aliuliza kwa sauti ya chini kama una upako. Msicheke. Siku hizi maji yana upako, mafuta yana upako, na udongo nao unauzwa. Binti alimjibu kwa upole, "Mama, huu ni wa banda la nguruwe." Nasi tulimkumbuka Naamani, ambaye baada ya kupona ukoma aliomba mzigo wa udongo wa nyumbu wawili aubebe mpaka Shamu. Elisha hakumkemea, akamwambia aende kwa amani. Tumemwiga Elisha kwa kutokemea. Kueleza kwa upole tumemwachia mwanafunzi.

Wiki ileile, tarehe 27 Februari, mji wetu uliwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906. Mzee seremala, akitoka makumbusho, alimuuliza binti dawa yake itakuwaje ikikamilika. Akasema faji huchujwa katika maji. Udongo unaroweshwa, maji yanapitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo sana yasiyopitisha bakteria, na yanayobaki ni maji yenye faji. "Maji," alisema mzee, na hakuongeza neno kwa muda. Songea neno hilo hatulichezei. Babu zetu waliambiwa maji yatageuza risasi, wakaenda mbele. Ushujaa wao haukuwa wa uongo. Maji hayakuwa yamepimwa na yeyote kabla ya siku ile. "Sasa haya ya kwako," mzee aliuliza, "unajuaje?"

Hapo ndipo alipotoa daftari lake la muhula uliopita.

Hufanyika hivi. Wanafunzi hawaanzi na bakteria wa hatari. Wanatumia mmoja asiye na madhara kwa mtu mwenye afya, aitwaye kitaalamu Mycobacterium smegmatis, ambaye ni wa ukoo mmoja na bakteria wa kifua kikuu lakini anakua upesi. Maji ya udongo huchanganywa na bakteria hao katika ute wa moto kiasi utokanao na mwani, kisha humiminwa kwenye kisahani cha kioo au plastiki na kuachwa kwenye joto kama la mwili siku moja au mbili. Bakteria hukua na kufunika kisahani chote kama ukungu wa asubuhi. Kama kulikuwa na faji, katikati ya ukungu huonekana vidoa safi, vya mviringo, ambapo bakteria wameliwa. Kila doa limeanzia kwa faji moja. Unachokonoa doa moja, unalizimua, unarudia tena, na tena, mpaka una uhakika kwamba ulichonacho ni cha aina moja. Ndipo unachukua vinasaba vyake, na ukipata nafasi kwenye hadubini ya elektroni unaona umbo lake. Na aliyeigundua ndiye anayeipa jina.

Katika lugha yetu ya kanisani doa ni dhambi. Tunaomba tuwe bila doa. Katika daftari lile doa lilikuwa furaha, na kurasa nyingi hazikuwa na furaha. Udongo wa karibu na mabweni: hakuna doa. Udongo wa bustani: hakuna doa. Tulihesabu mistari kumi na miwili, na tisa ilikuwa hakuna. Kila kisahani kisicho na doa kilikuwa kimepigwa picha na kubandikwa, kwa uangalifu uleule wa vile vitatu vyenye madoa.

"Hivi vitupu unavitunza vya nini?" tuliuliza.

"Nisipoviandika, Baba Mchungaji, atakayekuja baada yangu atachimba palepale."

Kulikuwa na kingine. Kila siku ya kazi alitengeneza kisahani kimoja chenye bakteria watupu, bila maji ya udongo wowote, na kukiweka pembeni ya vingine. Ni cha kumsuta, alisema. Kikitoa madoa chenyewe, basi madoa ya vingine hayana maana, na kazi yote ya siku hutupwa.

Tulirudi nyumbani tukiwa wazito. Mwaka 2011, tukiwa bado vijana wa chuo cha theolojia, tulipanda gari na wenzetu mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu Ambilikile Masapila. Wasomaji wengi wanaukumbuka ule msururu wa magari na kile kikombe cha shilingi 500. Mzee huyo ametangulia mbele za haki mwaka 2021, na hatuandiki ili kumhukumu. Tunajihukumu sisi. Katika safari ile tulikuwa na daftari, na ndani yake tuliandika majina ya waliotuambia wamepona. Tuliwasimulia makanisani kwa miaka miwili. Wale ambao hawakupona hatukuwaandika, wala hatukurudi kwa yeyote kati ya walioandikwa tukauliza baada ya mwezi au mwaka yuko wapi. Na kisahani cha kutusuta hatukuwa nacho kabisa: hatujawahi, katika huduma yetu yote, kuuliza ni majeraha mangapi yamefunga yenyewe bila kuombewa.

Tusieleweke vibaya. Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Tumeona mambo ambayo hatuwezi kuyaeleza. Lakini usiku ule tulifungua Mambo ya Walawi sura ya 13, kitabu ambacho chuoni tulikipita kwa mwendo wa haraka kwenda kwa manabii. Kuhani anaitwa kutazama ngozi. Anatazama. Asipokuwa na uhakika anamtenga mtu siku saba, anatazama tena, na kama bado hana uhakika anaongeza siku saba nyingine. Hakuna kwaya katika sura hiyo. Kuna macho, na siku, na kurudi. Yesu naye alipowatakasa wakoma kumi aliwatuma kwanza wakajionyeshe kwa makuhani, na aliporudi mmoja, Bwana alijua idadi. Aliwauliza wale tisa. Sisi tulikuwa na mmoja, tukamsimamisha siku ya kumi na tano tangu ngozi ifunge, wala hatukuuliza tena mpaka Februari.

Tulimchukua binti tukaenda naye kwa mzee. Hatukuwa na hakika kama ni haki kwa mgonjwa, kwa hiyo njiani tulimwonya asimpe tumaini lisilo lake. Hakuhitaji kuonywa.

Mzee alisikiliza habari yote. Alipenda zaidi ile ya bilinganya. Mwaka 2010, Durban huko Afrika Kusini, mwanafunzi aitwaye Lilli Holst alichukua sampuli chini ya bilinganya lililooza kwenye rundo la mbolea, akapata faji akaiita Muddy, yaani ya matope. Ikahifadhiwa kwenye jokofu la Profesa Graham Hatfull kule Pittsburgh pamoja na maelfu ya nyingine zilizoletwa na wanafunzi, bila mtu kujua itamfaa nani. Ilikaa miaka minane. Mwaka 2018 madaktari wa London walikuwa na binti wa miaka 15 aliyebadilishiwa mapafu, na bakteria wa ukoo uleule wa kifua kikuu wakawa wamesambaa mwilini hadi kwenye kovu la upasuaji, dawa zote zikiwa zimeshindwa. Watafiti walijaribu faji nyingi juu ya bakteria wake. Waliopata ni tatu tu zilizofaa, na mbili kati yake ilibidi kwanza zirekebishwe vinasaba ili ziue sawasawa. Muddy haikuhitaji kurekebishwa. Alitiwa mchanganyiko huo kwenye mshipa mara mbili kwa siku. Vidonda vilianza kufunga, akarudi nyumbani. Walipochapisha habari hiyo mwaka 2019 waliandika pia kwamba yeye ni mgonjwa mmoja, na kwamba hawawezi kuthibitisha angekuwaje bila faji. Sentensi hiyo tuliisikia kwa masikio mengine kabisa.

"Sasa mjukuu wangu," mzee alisema, akaondoa kitenge kwenye mguu. "Hawa wako watakula wa kwangu?"

"Hapana, babu. Wangu wana mlango mwingine. Bakteria wako ni wengine."

"Na hakuna wenye ufunguo wa hawa?"

"Huenda wapo. Lakini kuwatafuta, kuwasafisha na kuwapima mpaka mtu atiwe mwilini ni kazi ya miaka, na hapa kwetu bado si dawa ya kuandikiwa dirishani." Akamweleza kwamba watafiti wa Afrika Mashariki wameanza njia hiyo: Makerere walipokea mafunzo ya faji mwaka 2017, na Nairobi, kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wanazitafuta za kupambana na salmonela kwenye kuku. "Kwa mguu wako, babu, nenda ulikoandikiwa. Usingoje mimi."

Tulitazama chini. Tulidhani mzee atavunjika moyo. Badala yake aliuliza mkewe humwaga wapi maji anayoosheea jeraha. Mama akaonyesha shina la mgomba nyuma ya jiko. "Chukua na hapo," mzee akasema. "Hata kama si wangu." Hicho kilikuwa kichupa cha kumi na moja.

Safari hii tuliacha hotuba. Baraza la wazee lilikutana Jumamosi, likachangishwa fedha za sindano zile mbili na nauli ya hospitali ya rufaa, na tangazo halikutaja uponyaji. Lilitaja jeraha. Droo ya nyumbani kwetu tuliimwaga siku hiyohiyo, vidonge tukavipeleka kwa mfamasia aviharibu. Wapo waliotulaumu baadaye walipokuja na kuambiwa waende wakapimwe kwanza, na lawama hiyo bado tunaibeba.

Sindano zilichelewa, au mfupa ulikwisha kuoza zamani; daktari alisema yote mawili kwa pamoja, na hatukuona haja ya kumbana. Wiki ya pili baada ya Pasaka mguu ulikatwa chini ya goti.

Majibu ya binti yalifika kwa simu mzee akiwa bado wodini. Vichupa kumi na moja. Vinane hakuna doa. Vitatu vyenye madoa: jaa la kanisa, banda la nguruwe, na shina la mgomba. Ya banda la nguruwe ilimpotea katika kuisafisha, na aliandika hivyo, imenipotea. Matogoro, ambako sisi tulikuwa tumeweka matumaini kwa sababu ya uzuri wa mahali, hakuna kitu. Ya mgomba ilikuwa na vidoa vidogo, vya mviringo, vyenye kingo safi. Miezi baadaye alitutumia picha ya hadubini, kichwa chenye pembe kama jiwe la kuchongwa na mkia mrefu wa kulegea. Alitaka mzee aipe jina. Tulimsomea ujumbe pembeni ya kitanda. Alifikiri muda mrefu kuliko tulivyotarajia kwa mtu aliyetoka kukatwa mguu.

"Mwandikie, Bado," alisema.

Alirudi kanisani Jumapili ya Pentekoste, kwa magongo, akakaa benchi lake karibu na dirisha. Hatukumsimamisha. Baada ya ibada watoto wa shule ya Jumapili walimzunguka wakitaka kujaribu magongo, naye akawaachia, akakaa kwenye ngazi na suruali yake iliyokunjwa na kubanwa kwa pini, kila mtu akiona. Fundi seremala ameahidi kumchongea mguu wa mti mpaka wa hospitali upatikane, na tayari wamebishana kuhusu aina ya mbao.

Ofisini sasa tuna daftari la kurasa ngumu. Kila anayeomba kuombewa ugonjwa tunamwandika, kwa ruhusa yake: tarehe, alichosema, alichoambiwa hospitali, na siku tutakayorudi kumtazama. Mistari mingi safu ya mwisho imeandikwa neno lilelile alilolichagua mzee. Mstari wake yeye ni wa kwanza kabisa, nasi tunakwenda kwake Alhamisi hii, saa kumi jioni.